Kuhusu ile filamu ya Big Sur

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, na shemeji anakusalimu sana. Mengine yatasubiri, kwa kuwa barua yako ina jambo moja lililoninyima usingizi. Unasema umekubali kuzungumza na wanafunzi kuhusu tukio la Big Sur, kule pwani ya California, na kwamba utawaambia bila kusita kuwa chombo kisichojulikana kiliangusha kichwa cha kombora la Marekani kwa miali ya mwanga. Nakuomba usiwaambie hivyo kabla hatujalipima pamoja.

Wanachokubaliana wote ni kwamba mnamo Septemba 1964 Jeshi la Anga la Marekani lilirusha kombora la Atlas kutoka kituo cha Vandenberg, California, likiwa na kichwa cha majaribio kisicho na bomu, huku kikosi cha Luteni Robert Jacobs kikilipiga picha kutoka Big Sur, zaidi ya kilomita 150 kuelekea kaskazini, kwa darubini kubwa ya Chuo Kikuu cha Boston. Jacobs aliposema hadharani mwaka 1982, alieleza kwamba filamu ilionyesha kitu chenye umbo la sahani kikikizunguka kichwa hicho na kukimulika mara kadhaa hadi kikapinduka, na kwamba yeye aliamriwa kunyamaza. Mkubwa wake, Meja Florenze Mansmann, aliunga mkono maelezo hayo. Siwaiti watu hawa waongo, na sipendi udhani kwamba nimewaita hivyo.

Lakini katika barua yako yote hukumtaja Kingston George, mhandisi wa mradi ule wa darubini, aliyeandika maelezo yake mwaka 1993. Anasema kombora lilibeba vichwa bandia vya kuichanganya rada ya adui, na kilichoonekana kwenye filamu ni vichwa hivyo vikifyatuliwa. Siri kubwa ilikuwa darubini yenyewe: ikiwa Wamarekani waliweza kuiona hila hiyo kutoka mbali kiasi kile, Wasovieti nao wangeweza kukitambua kichwa halisi kati ya vile vya bandia. Kwangu hoja hii ni nzito, maana inaeleza kwa pamoja mimweko, vitu vilivyochomoza ghafla na hofu ya wakubwa, bila kuhitaji mgeni kutoka popote. Haielezi, hata hivyo, kwa nini Mansmann, ambaye kazi yake ilikuwa kuchambua picha, alishikilia msimamo tofauti. Hapo nakwama, na hapo nakubali kwamba una haki ya kuuliza.

Linganisha na Norway. Tarehe 9 Desemba 2009 watu wa kaskazini waliona mzunguko mkubwa wa mwanga angani, na wengi walistaajabu, lakini kesho yake Urusi ilikiri kwamba kombora lake la Bulava, lililorushwa kutoka Bahari Nyeupe, lilikuwa limeharibika katika hatua ya tatu. Baada ya kauli hiyo hapakubaki la kubishania. Filamu ya Big Sur umma haukuoneshwa, na ndiyo sababu mimi na wewe tunabishana leo kuhusu kumbukumbu za watu badala ya picha. Hilo linaniudhi kuliko jambo lolote katika habari hii. Wanafunzi wako waambie hasa hilo, na uwasomee maelezo ya pande zote mbili kwa uzito uleule.

Je, umewahi kuyasoma maelezo ya George mwenyewe, au umesimuliwa tu na yule bwana wa maktaba? Utataja tarehe gani ya urushaji, ilhali Jacobs na George hawakuanza na tarehe moja? Mwalimu wetu wa fizikia atakuwepo, na utamruhusu ajibu? Je, unaweza kunitumia hotuba yako kabla ya siku yenyewe? Nitaisoma usiku huohuo na kukurudishia maoni yangu asubuhi.

Wako akupendaye.