Mti wa Kijapani na kaskazi ya Raskazone

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wenzangu wa mwambao wanaopita kwenye vitalu vya barabarani, wakaona kale kamti ka mviringo kama mpira wa kijani, wakaingiwa na tamaa kama mimi.

Kanaitwa mwerezi wa Kijapani, aina ya kibete. Wenyewe huuita sugi. Kwao mti kamili hupita mita 40, ila watunza bustani wamezalisha aina fupi ambazo hata baada ya miaka mingi hukufika kiunoni. Ndugu zake hapa kwetu ni mierezi ya misitu ya Shume na Magamba kule Lushoto, milimani kwenye ubaridi, na hilo peke yake lingenitosha kujua unapenda kukaa wapi.

Nilinunua miwili mwezi wa Novemba, Sh 60,000. Mmoja nikampa shemeji yangu wa Lushoto, wa pili nikaupanda mbele ya baraza langu hapa Raskazone, ufukweni mwa Tanga. Jembe halijafika futi moja, likagonga jiwe la matumbawe. Nikajaza samadi, nikawa namwagilia maji ya kisima ambayo sisi wenyewe hatuyanywi kwa chumvi. Sugi hutaka udongo wenye tindikali kidogo, unyevu usiotuama na hewa ya ubaridi. Mimi niliupa chokaa, chumvi na kaskazi.

Februari ukawa rangi ya kutu. Nikampigia kijana aliyeniuzia.

"Mzee, usiwe na wasiwasi, ndiyo tabia yake. Kwenye baridi hugeuka kahawia, halafu hurudi kijani."

Hakusema uongo, Japani ndivyo unavyofanya. Lakini baridi gani, Mhariri? Februari ya Tanga nalala barazani bila shati! Nikakwaruza gome kwa ukucha: ndani mkavu kama kuni.

Wa shemeji unanawiri. Uko kwenye ukungu na udongo mwekundu, hata kumwagilia hamwagilii sana.

Ombi langu kwa wauza miche: andikeni kwenye kopo mti unataka hali gani, hata kwa kalamu ya wino. Mteja akibisha, shauri yake.

Pale shimoni sasa nimeweka mche wa mvinje, ambao wengi huudhania msonobari, kumbe hata ukoo hawana. Naukata kwa mkasi uwe mviringo. Mama watoto anasema unapendeza kuliko ule wa Sh 30,000, na huu nimeung'oa bure ufukweni.

Mstaafu wa bandari,
Raskazone, Tanga