Shoga yangu, usianze na hotuba

Kigogo, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu kutoka huku kwenye joto. Sisi hatujambo, ni mafua tu yanazunguka nyumba nzima. Barua yako nimeipata, na nimecheka uliposema wazazi wa huko Tanga walikuja kwenye kikao chako cha mikoko wakidhani kuna vyandarua vya bure. Usiwalaumu. Hata mimi ningeuliza posho.

Unataka kujua nilianzaje kuwafundisha mazingira hawa wangu, watoto na watu wazima pamoja. Nilianza vibaya. Ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ya usafi, niliwakusanya watu chini ya mwembe karibu na Mto Msimbazi, nikasimama na bango langu nikahubiri saa nzima. Watoto wa klabu mbele na sare zao, kinamama nyuma, kila mmoja na simu yake. Mwishoni nikauliza kama wanajua madhara ya kumwaga taka mtaroni. "Tunajuaaa!" wakaitikia kama watoto wa chekechea. Hapo ndipo mtoto mmoja wa darasa la tano, bila hila yoyote, akamgeukia mama yake: "Mama, si ndo zile tunamwaga usiku mvua ikinyesha?"

Kile kicheko sitakisahau. Mama wa watu aliinamisha kichwa, kisha akakiinua na kunijibu mimi, mtoto akamwacha. "Mwalimu, hela ya taka natoa kila mwezi. Gari linaishia barabarani, huku bondeni halishuki. Pampasi za mdogo wake huyu niziweke uvunguni?"

Nilikosa la kusema. Bango langu lilikuwa na picha ya dunia inatoa machozi. Habari ya gari haikuwemo.

Basi nikaacha kuwafundisha watu wanachokijua. Watoto nikawapa kazi ya kuwauliza wakubwa: ulipokuwa na umri wangu, mto huu ulikuwaje? Babu mmoja aliwachukua hadi ukutani kwake, akawaonyesha mstari alioukwaruza kwa msumari siku maji ya mafuriko ya Desemba 2011 yalipopungua, yale yaliyowafanya watu wengi wa bondeni wahamishiwe Mabwepande. Wakasimama mmoja mmoja, mgongo ukutani. Mstari uliwapita utosini wote isipokuwa wasichana wawili warefu. Siku hiyo hakucheka mtu. Akawaeleza jinsi Msimbazi unavyotoka vilima vya Pugu ukaukata mji mpaka baharini, pale Daraja la Selander, na kwamba yeye amevua kambare hapa hapa. Mafuriko waliyaamini. Kambare walikataa katakata.

Juma lililofuata tukafukua taka kwenye kalvati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Nikakaa pembeni, mwalimu akawa kijana anayenunua chupa za plastiki kwa kilo kutoka kwa waokotaji. Anaishika chupa, anaiminya, anaigonga kwa ukucha na kusikiliza, kisha anakwambia kama ina soko. Kinamama wale wale ambao njiani humpita mbali wakamzunguka, kumbe madumu wanayotupa ni hela! Pampasi, akasema, hakuna anayezitaka. Hilo bado linatushinda, sitakudanganya.

Sasa hivi vijana wawili wenye guta la kubebea mizigo wanazoa taka bondeni na kuzipandisha mpaka gari linapoishia, kila nyumba inachangia kidogo. Mweka hazina ni yule yule mama wa pampasi, na hakopeki. Vijana wengine ndio wagumu: ukitaja mazingira hawaji, ukitaja mechi wanajaa, kwa hiyo tunasafisha kiwanja kwanza halafu wanacheza. Miche tuliyopanda kwa mbwembwe na mgeni rasmi usiniulize. Waulize mbuzi.

Nilipomsimulia mama yangu, akaguna. Anasema mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya, walikaa kikundi kizima kuizunguka redio moja, kipindi kikiisha wanabishana, kisha wanatoka kwenda kuchimba choo. Mwaka 1980 ikaja ya Misitu ni Mali, mtindo ule ule. Redio ilisema nini amekwishasahau. Anachokumbuka ni nani alibisha, nani alinuna, na shimo lao lilikwenda futi ngapi.

Kwa hiyo kabla hujaitisha kikao kingine, wapeleke watoto kwa wakata mikoko wenyewe. Wakaulize inakwenda wapi: boriti, kuni za kuchemshia chumvi, au nini. Na wavuvi wawaeleze kamba walikuwa wakiwapata wapi zamani. Ukianza wewe kuwaambia kwamba mikoko inazuia mawimbi, watakuitikia "tunajuaaa".

Niandikie watakachojibu, hata kama ni matusi. Na ukija mwezi wa sita, shukia Magomeni, nitakufuata. Usivae viatu vyeupe.

Wako,
Rehema