Wosia uandikwe na karatasi za kiwanja zijulikane zilipo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Nilikuwa karani wa Mahakama ya Mwanzo hapa mkoani Morogoro hadi nilipostaafu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kupokea maombi ya mirathi: Fomu Namba 1, cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, barua ya serikali ya mtaa. Ukikaa sana pale dirishani unalijua faili litakalozeesha watu hata kabla halijafika kwa hakimu.

Wengi wanadhani mirathi ngumu ni ya matajiri. Ya kwetu sisi wa kipato cha chini ndiyo iliyokuwa ikinitoa jasho, na mara nyingi chanzo kilikuwa kiwanja kimoja tu kisichopimwa, pembezoni mwa mji. Mume alikinunua peke yake. Aliandikishana na muuzaji kwenye karatasi ya daftari, mwenyekiti wa mtaa wa wakati huo akagonga muhuri, karatasi ikafichwa anapopajua yeye. Siku anapoanguka, mke hana cha kuonyesha, na mpaka wa kiwanja anaujua jirani ambaye naye ameanza kusogeza uzio.

Alikuja mama mmoja, fundi cherehani, amebeba mfuko wa plastiki umejaa risiti za saruji, nondo na mabati. Nyumba walijenga wawili, yeye akitoa hela za kushona sare za shule. Hati ya mauziano haikuonekana. Shemeji zake wakaweka pingamizi, wakisema kiwanja ni cha ukoo na marehemu alipewa tu kujishikiza. Tulipozitandaza zile risiti mezani, za mashine ya EFD zilikuwa zimefutika wino, nyeupe kabisa. Zilizosomeka ni za zamani, zile za kitabu chenye kaboni ya bluu, na kwa bahati mbili ziliandikwa jina lake. Hizo, pamoja na muuzaji mwenyewe aliyekuwa bado hai, ndizo zilizombakiza ndani ya nyumba yake. Muuzaji angekuwa ametangulia mbele ya haki, sijui tungeandika nini.

Akina mama wanaosoma gazeti hili wajue pia kwamba sheria ya mirathi ya kimila, Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, inasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Atatunzwa na watoto wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua shauri la wajane wawili wa Tanzania na kututaka tuzirekebishe kanuni za namna hiyo. Mwanamume anayesema anampenda mkewe na hajaandika wosia anamwachia ukoo useme kwa niaba yake.

Lakini wosia una masharti, na hapa ndipo watu wanapokwama. Nimeletewa wosia ulioandikwa nyuma ya kalenda, hauna shahidi hata mmoja. Siku hizi nasikia vijana wanarekodi sauti kwenye WhatsApp na kuituma kwenye grupu la familia, wakadhani wamemaliza. Kwa taratibu za kimila, wosia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wa maandishi, kama mwenye kuusia anajua kusoma na kuandika, unataka angalau wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Mke au wake walio nyumbani wakati huo nao washuhudie. Na ukimnyima mtoto wako urithi, sema sababu. Mahakama Kuu ilipoukataa wosia wa mfanyabiashara Reginald Mengi mwaka 2021, kunyimwa kwa wanawe bila sababu kuelezwa kulikuwa miongoni mwa hoja. Kama mtu mwenye mawakili wa kumtosha aliangukia hapo, mimi na wewe wa kalenda je? Kwa Waislamu, wasia haupiti theluthi ya mali, na mrithi haongezewi fungu kwa wasia ila warithi wenzake waridhie. Masheikh watawaeleza vizuri kuliko mimi.

Jingine ni huyu msimamizi wa mirathi. Kaka mkubwa akishateuliwa na mahakama, kesho yake anaanza kupangisha vyumba na kula kodi kama mwenye nyumba. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa warithi, kisha ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa arejeshe mahakamani Fomu Namba 5 na Namba 6 kuonyesha alichokusanya na alivyogawa. Warithi wengi hawajui kwamba wanaweza kwenda mahakamani kuuliza fomu hizo ziko wapi. Waulize, hakuna anayewafukuza.

Nikiwaambia haya wazee wenzangu kijiweni wananijibu kuwa kuandika wosia ni uchuro, ni kujiitia kifo. Hao hao wamekatia pikipiki zao bima na hakuna aliyesema ameita ajali.

RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali, wanaandika na kuhifadhi wosia, ila mtu wa Mvomero au Gairo hafungi safari kwa jambo analoliogopa tayari. Wakipita kwenye kata siku za mnada, wakaweka meza yao pembeni, watapata watu. Na wenyeviti wa mitaa na vijiji wanaweza kuanza hata bila wao: kabla ya kugonga muhuri kwenye mauziano ya kiwanja, mwenyekiti aulize mwenza wa mnunuzi yuko wapi, jina lake liingie kwenye karatasi hiyo, na nakala moja ibaki kwenye jalada la ofisi.

Karani mstaafu,
Morogoro