Mleteni Mama Akae: Barua ya Wazi kwa Wanangu Mlio Ughaibuni

Assalaam alaykum wanangu,

Nawaandikia nyinyi mliotoka Unguja na Pemba mkatawanyika Muscat, Dubai, London na Toronto, mnaonitumia picha za wazee wenu kwa simu ili nizichore kwa rangi za mafuta. Nashukuru kwa kuniamini. Kazi hizo zimesomesha watoto wangu. Lakini nina neno nanyi, na nimeona nilitoe hadharani kwa sababu nimekuwa nikimwambia kila mmoja peke yake, na maombi yanazidi kuja yale yale.

Kama mama yako yu hai na ana nguvu za kukaa kitini, usinitumie picha. Mlete akae.

Najua mtaniambia picha imetoka safi, kazi yangu ni kuifuata tu. Kuifuata naweza. Nitaipigia miraba, nitaikuza kwenye turubai, na ndugu zako watasema imefanana. Ila picha ile ilipigwa harusini, mama kapakwa poda, kaambiwa acheke, na aliyeishika simu kasogea karibu mno hata pua imekua na masikio yamerudi nyuma. Simu nyingine humng'arisha mtu rangi bila kuulizwa. Mimi nitayachora yote hayo kwa uaminifu, maana sina kingine cha kutazama.

Mtu akikaa mbele yangu, mambo ni mengine. Mwanzoni kila mmoja huja na uso wa studio: shingo juu, midomo imebanwa, macho hayapepesi. Uso huo haushikiki kwa muda mrefu. Kuna bibi mmoja wa shamba aliyeletwa na bintiye, akakaa kimya kama aliyeitwa na sheha. Nikamwomba aendelee na ukili wake, kwa kuwa nilimwona kaja nao mkobani. Vidole vilipoanza kusuka, mabega yalishuka. Kila alipoongeza chane mpya, mdomo ulivutika kidogo upande wa kushoto na kijishimo kikatokea shavuni. Binti yake aliyekuwa ameketi mkekani akasema, "Hivyo ndivyo anavyofanya akihesabu." Alikuwa amekisahau kile kijishimo tangu utotoni. Sasa kipo kwenye turubai, na hakimo katika picha yoyote waliyowahi kumpiga.

Na rangi nazo. Ngozi ya mtu haina rangi moja. Kwenye paji la uso mwanga wa dirisha huacha ubuluu, kwenye ndewe za masikio pana wekundu, na mtu akijifunga kanga nyekundu, chini ya kidevu nako hupanda wekundu. Viganja vina rangi yao. Haya nayachanganya nikimtazama mwenyewe, natia, nafuta kwa kitambaa chenye tapentaini, natia tena.

Lakini sababu kubwa ya kuwasihi mlete wazee si sura kutoka vizuri. Ni yale anayoyapata mkaaji. Fikirini ni lini mara ya mwisho mtu alimtazama mama yenu asubuhi nzima, bila haraka, bila kumtaka apike au atie sahihi kitu. Wazee wetu wengi hutazamwa wakiumwa. Nyinyi mnawaona Ijumaa kwenye kioo cha simu, huku mtandao unakatika. Nimeona wazee wakifika kwangu wakisema ni upuuzi wa watoto, na kikao cha pili wakaja wamejifukiza udi, wamevaa kanga waliyoiweka sandukuni, wanaulizia tulifika wapi. Mzee huanza kusimulia mambo ambayo hata watoto hawakuyajua, maana amekaa na mtu ambaye kazi yake siku hiyo ni yeye tu. Kwa hiyo mmoja wenu awepo chumbani. Hadithi zile ni zenu, mimi nasikia tu kwa kuwa niko karibu.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1840 meli iitwayo Sultana, ya Seyyid Said aliyetawala Oman na Unguja, ilitoka Unguja ikafika New York na shehena ya karafuu, pembe za ndovu, kahawa na tende. Mjumbe wake, Ahmad bin Na'aman, alichorwa kule na mchoraji Edward Mooney. Upigaji picha wa kamera, ule wa Mfaransa Daguerre, ulikuwa umetangazwa Paris mwaka mmoja tu nyuma. Leo tunaujua wajihi wa Ahmad, kilemba chake na ndevu zake, kwa sababu mtu wa nchi ya mbali alimtazama kwa makini.

Msiogope habari za vikao vingi. Ambroise Vollard, mfanyabiashara wa sanaa wa Paris, alieleza kuwa alimkalia mchoraji Cézanne mara 115 kwa picha moja mwaka 1899, tena akitakiwa asitikisike. Mimi simnyimi mtu kusema wala kunywa kahawa. Mzee akichoka, tunaacha. Kinachochelewesha kazi zaidi ni rangi za mafuta zenyewe, ambazo lazima zikauke kabla ya kutia tabaka jingine, na hewa yetu ya pwani ina unyevu. Kwa hiyo msiniagizie mkiwa mmebakisha wiki moja ya likizo.

Zipo familia ambazo kwa dini yao hazitaki sura ya kiumbe ukutani. Hilo liheshimiwe, na mzee mwenyewe aulizwe kwanza. Asiletwe kwa kushtukizwa.

Kwa wale ambao mzazi ametangulia mbele ya haki, nitachora kutoka kwenye picha na nitafanya kwa moyo wote. Naomba basi msinipe ile ndogo ya kitambulisho peke yake. Nileteeni zote mlizonazo, hata zilizofifia, na kofia au miwani yake kama ipo. Kisha mniletee shangazi au jirani aliyekaa naye sana, aketi karibu yangu aniambie, "Hapana, hakuwa akitazama hivyo." Mtu huyo ananifaa kuliko picha kumi.

Msiniombe nifute mikunjo. Mkitaka, nitaweka mwanga laini, lakini mikunjo ya mama yenu ina mpangilio wake na hakuna mwingine mwenye ule. Wala msiniombe niache mikono nje ya picha ili bei ipungue. Semeni mna kiasi gani, tutapunguza ukubwa wa turubai na mikono itabaki.

Picha ikiwa tayari, msiitundike mkabala na dirisha la baharini, chumvi na jua vitaila. Nyuma ya turubai andikeni kwa penseli, juu ya ubao wa fremu, jina lake kamili, jina la baba yake, mtaa aliozaliwa na mwaka aliokaa. Mwacheni aandike mwenyewe kama anaweza.

Niko Unguja, na asubuhi mwanga wa chumba changu ni mzuri mpaka adhuhuri. Mkija likizo, pitieni naye.

Wassalaam,
Mzee wenu mchoraji