Ukomo wa mihula bila kufuata pesa

KWA MHARIRI,

Kila mjadala wa kurefusha muhula wa rais unapoibuka, tunakimbilia tafiti za kupima maoni ya wananchi kana kwamba ndizo zitakazoamua. Kifungu cha 255 cha Katiba ya Kenya kimeshaweka utaratibu: lazima iwepo kura ya maamuzi ya wananchi wote, hoja ipate wingi wa kura, na angalau asilimia 20 ya waliosajiliwa wapige kura katika kila moja ya kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Wabunge hata wakikubaliana wote, hawatoshi.

Panapovuja ni kwenye pesa zinazoendesha kampeni. Sheria ya Vyama vya Kisiasa inamzuia mfadhili mmoja kukipa chama zaidi ya asilimia 5 ya matumizi yake ya mwaka uliotangulia. Kwenye karatasi, safi. Lakini helikopta, mabango na fulana hulipiwa moja kwa moja na "marafiki" wa mgombea, na akaunti ya chama haioni hata shilingi. Mkaguzi atakagua nini? Sheria ya Ufadhili wa Kampeni ya 2013 ilitungwa kuziba mwanya huo, ila chaguzi za 2017 na 2022 zilipita bila sheria hiyo kutumika.

Kwa hivyo wanaopima maoni waache kuuliza tu kama tunapenda ukomo wa mihula miwili ya rais. Waulize pia: je, unakubali chama kipokee ruzuku ya kodi yako kabla hakijachapisha majina ya wafadhili wake na kiasi walichotoa?

Msomaji,
Nairobi