Pimbi wa kitabuni ana mkia, wa kwetu hana

Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi habari za kazi.

Mi nafundisha chekechea huku Nyegezi, Mwanza. Juzi nimenunua kitabu cha wanyama cha watoto, duka silitaji, picha zinang'aa kweli ila pimbi kachorewa mkia mrefu kama panya buku! Watoto walicheka mpaka basi, maana pimbi wanawaona kila asubuhi wanaota jua kwenye mawe nyuma ya darasa na wanajua fika hana mkia. Mwaka 1515 Mjerumani mmoja, Albrecht Dürer, alitoa chapa ya faru bila kumwona, alisikia habari zake tu na kuona mchoro wa mtu mwingine, akamuongezea kapembe kadogo mgongoni na Ulaya wakanakili hako kapembe miaka na miaka. Yeye namsamehe, faru alikuwa Lisbon yeye yuko Nuremberg. Huyu mchoraji wa kitabu chetu, kumwona pimbi ilikuwa nauli ya daladala tu.

Basi nikaamua kutengeneza vyangu. Nilianza na penseli, steshenari walivyotoa kopi manyoya yote yakawa ukungu, mnyama hata humjui. Ndio nikaingia kwenye chapa za kuchonga, unachonga picha kwenye kitu bapa, unapaka rangi na kuigandamiza kwenye karatasi, maana pale ni nyeusi au nyeupe, hakuna katikati, hata ukitoa kopi ya kopi pimbi bado ni pimbi. Wenzetu nje wanachonga lino, lile zulia la sakafuni la mafuta ya kitani na unga wa koki ya vizibo vya chupa juu ya gunia, mi nikadhani ndio hili kapeti la plastiki la madukani, weee, kisu kikateleza nusura kidole kiende. Nikahamia soli ya ndala iliyokufa. Hiyo wembe unaingia bila shida, unapaka rangi kidogo kwa sponji, unalaza karatasi unaisugua kwa mgongo wa kijiko. Ulipochonga panabaki peupe, ulipoacha ndio panatoka rangi, kwa hiyo pimbi humchongi manyoya, unachonga lile jua linalompiga mgongoni, na hapo mi ilinichukua wiki nzima kuelewa.

Halafu kila kitu kinatoka kinyume. Nilichonga PIMBI kawaida tu, watoto wakasoma Ibmip, mpaka leo kuna mmoja darasani wanamuita hivyo. Yule mjusi dume wa kwenye mawe, mbele pinki nyuma bluu, nimemfanya kwa soli mbili, kila rangi na yake, wengine wametoka na pengo kiunoni lakini sawa.

Sasa ombi langu, ule ukurasa wenu wa watoto tupeni chapa moja ya mnyama wa huku kila wiki, kubwa, nyeusi, pembeni peupe ili mwalimu akate apeleke kopi. Kamongo, fisi maji, nzohe, yule swala wa majini wa kisiwa cha Rubondo, wapo wengi. Ila msitupunguzie ikawa kama stempu, na anayechonga aende akamwone mnyama kwanza.

Mkitaka mfano nina mnandi, yule ndege mweusi mvuvi wa ziwani, kapanua mabawa anayakausha, yuko kwenye ndala ya kushoto, nitaileta ofisini. Ya kulia bado nzima naivaa.

Mwalimu wa chekechea,
Nyegezi, Mwanza