Barua ya wazi kwa wenye mpendwa aliyetekwa na afyuni

Wanangu,

Nawaandikia ninyi wenye mtoto, mwenzi au ndugu ambaye mnahofia kuwa ametekwa na dawa za jamii ya afyuni, ziwe vidonge vya maumivu alivyoandikiwa na daktari, kama kodeini na tramadoli, au heroini ambayo wengi huiita unga.

Kabla ya kupekua mifuko yake, mtazameni machoni. Aliyetumia, mboni zake husinyaa zikawa kama ncha ya sindano hata penye mwanga hafifu, na mtamwona akisinzia katikati ya mazungumzo, kidevu kikishuka kifuani, huku akijikuna pua na mashavu. Choo nacho humfunga. Dalili moja haithibitishi kitu, ila zikiandamana na vidonge kwisha kabla ya siku zake, muulizeni faraghani, kwa upole.

Arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea, ina sura nyingine kabisa, na hapa ndipo familia nyingi hukosea, zikidhani ni mafua, malaria au hila. Kwa heroini huanza saa 8 hadi 24 baada ya kutumia mara ya mwisho: miayo isiyokoma, machozi na kamasi, jasho, vinyweleo kusimama, na zile mboni sasa zimetanuka, kisha hufuata maumivu ya viungo na tumbo, kuharisha, kutapika na kukosa usingizi. Mimi niliwahi kumwambia kijana wangu kwamba anaigiza, naye amejikunja sakafuni akitetemeka, na neno lile nalijutia hadi leo.

Nawasihi, msimfungie chumbani. Kutapika na kuharisha humaliza maji mwilini, na hilo laweza kuua. Mpelekeni kwa wahudumu wa afya, ambao wanaweza kumtibu kwa dawa za methadoni au buprenofini. Tena, aliyekaa siku kadhaa bila kutumia, mwili wake huwa umepoteza uzoefu wa dawa, hivyo kipimo chake cha zamani chaweza kumkata pumzi.

Mkimkuta haamki, anakoroma isivyo kawaida, pumzi ni za kuhesabu na midomo imegeuka kijivu au samawati, iteni msaada wa dharura papo hapo na mpeni naloksoni, dawa inayozuia nguvu ya afyuni, ikiwapo. Kama hapumui, mpulizieni pumzi mdomoni. Kama anapumua, mlazeni ubavu. Hata akizinduka msimwache peke yake, kwa maana nguvu ya naloksoni huweza kwisha baada ya dakika 30 hadi 90, ilhali dawa aliyotumia ingali mwilini.

Mzee wenu